Safari ya Koboko Kufuata Daftari la Hina

Nilikwenda Koboko kwa sababu ya daftari. Mapema miaka ya tisini nilikuwa mhadhiri msaidizi wa kemia huko Kampala, na mimi na mwenzangu Rajabu tulikuwa tunaomba wiki mbili za mashine ya leza katika kituo kimoja cha Ulaya. Kituo hicho kilipokea watu wa nje mara moja kwa mwaka: unaandika ombi, kamati inakaa, inakupa zamu au inakunyima. Sisi tulitaka kuchunguza rangi ya hina. Tuliamini kwamba molekuli yake ikipigwa na mwanga, chembe moja ya haidrojeni huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, upesi kiasi kwamba ukope wako ukianza kushuka kazi imeshakwisha zamani. Leza moja inapiga, ya pili inachungulia. Kwetu hapakuwa na chombo cha kuona jambo la haraka namna hiyo.

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na tano. Nilizijaza zote isipokuwa ile inayouliza vipimo vya awali. Vipimo vilikuwa kwa Rajabu, miaka miwili ya kazi katika daftari moja la jalada gumu, kwa mwandiko wake wa kalamu ya wino. Alikuwa ameugua kifua, akaomba ruhusa akapumzike kwao Koboko, akaondoka nalo ili aandike muhtasari. Miezi mitatu ikapita kimya. Barua zangu mbili hazikujibiwa. Mwisho wa mwezi kamati ingefunga mlango, nami nilibakiwa na wiki tatu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ninakiri kwamba niliondoka Kampala nikiwa nimemkasirikia mgonjwa.

Siku ya kwanza nilipanda lori la chumvi, nikafika Karuma jioni. Hapo tulizuiwa siku nzima tukisubiri magari yatoshe kusindikizwa na jeshi, maana barabara ya mbele ilikuwa na watu wa msituni. Askari mmoja alinifungulia begi, akaitoa fomu, akaukazia macho mchoro wa leza mbili na chupa katikati.

“Hii iko nini?”

“Ni taa, afande.”

“Taa inapiga nani?”

“Inapiga majani ya hina.”

“Majani ilikosa nini?”

Wenzangu wa lori walicheka, nami nikacheka, kisha tukanyamaza wote kwa sababu yeye hakucheka. Alinirudishia karatasi zangu moja moja. Kutoka hapo hadi Pakwach nilihesabu mabasi mawili yaliyoungua kando ya njia, halafu nikaacha kuhesabu.

Siku ya tatu, Arua. Nilishukia sokoni nikakodi baiskeli ya boda hadi Mvara, kwa shangazi yangu. Mimi na Rajabu tulijuana huko huko Mvara tukiwa wanafunzi, yeye mtoto wa askari kutoka Koboko na mimi mtoto wa mkulima wa Manibe, na tuligombania nafasi ya kwanza darasani mpaka tukachoka tukawa marafiki. Shangazi alinipikia uji wa mtama. Nilipomwambia ninakwenda kwa nani, aliingia ndani akatoka na kilo mbili za sukari zilizofungwa vizuri.

“Chukua hii,” alisema. “Nyumba kama ile, mutu hapana ingia mikono bure.”

Nilidhani anaizungumzia nyumba yenye mgonjwa.

Siku ya nne niliingia Koboko saa nne asubuhi, nyuma ya pikapu ya mchuuzi wa samaki wakavu. Watu walikuwa wamesharudi kutoka Zaire na Sudan walikokimbilia baada ya utawala kuanguka mwaka wa sabini na tisa, lakini nyumba nyingi bado zilikuwa kuta tupu, na mihogo imepandwa vyumbani. Nyumba ya kina Rajabu ilikuwa imeezekwa upya nusu. Dada yake, Zubeda, alikuwa anafagia uani. Aliponiona alisimamisha ufagio.

“Rajabu hapana iko,” alisema. “Tulizika. Sasa wiki tatu.”

Nakumbuka nilikuwa bado nimeushika mfuko wa sukari, na Zubeda akaupokea mkononi mwangu. Mama yao alitoka akanikalisha kwenye mkeka, akanishika mkono bila kuuachia, tukakaa hivyo. Nililia. Na bado, aibu iliyoje, kabla jua halijafika utosini nilikuwa nimeshauliza daftari liko wapi.

Mama alilileta limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nilifungua. Kurasa zilikuwa zimekunjamana mithili ya nguo iliyokamuliwa ikaanikwa. Mistari ya majedwali, aliyoichora Rajabu kwa penseli na rula, ilikuwepo yote, safu za kulala na za kusimama, vyumba vidogo vidogo. Ndani ya vyumba hapakuwa na tarakimu hata moja. Ni ubuluu hafifu tu.

“Dawa ya hospitali ilikwisha,” mama alisema. “Sheikh naye alienda Zaire. Mimi naona ile namba ndani ya box, box, kama ile sheikh anaandika. Na majani ya hina mimi nilikausha, mimi nilituma kwenu Kampala. Nikasema, hii kitabu iko ya dawa. Kila asubuhi nilioshea page moja kwa bakuli, nilimupa.”

Alikuwa amemfanyia kombe. Watu wa huko, kama Waislamu wengi, huandika dua kwa wino, huyaosha maandishi, mgonjwa akanywa maji yale. Miaka miwili ya vipimo vyetu ilinywewa bakuli kwa bakuli. Nilitaka kupiga kelele. Nilimgeukia Zubeda nikamuuliza kwa Kiingereza, ili mama asielewe, kama Rajabu alijua.

“Alijua,” Zubeda akajibu kwa Kiswahili. “Siku ya kwanza alisema, Mama, hii hapana dua. Mama akalia sana. Kesho yake akakunywa. Tangu hapo alikuwa anakunywa yote, hapana sema kitu.”

Mama alikuwa ananiangalia. “Mutoto yangu, wewe unajua ile maandishi. Pengine mimi nilianza na page mubaya?”

“Hapana, mama,” nilisema. “Hukukosea popote.”

Ni uongo pekee wa safari ile, na sijautubia.

Siku ya sita niliondoka. Daftari nilimwachia mama, nalo halikuwa na faida kwangu tena. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse yaliyonywewa. Nilifika Kampala siku ya kumi, nikaketi mbele ya taipureta na ule ukurasa mmoja. Penye vipimo vya awali niliandika: vilinywewa. Nikauchomoa ukurasa, nikaweka mwingine, nikaandika: vimepotea. Jina la Rajabu sikulifuta.

Jibu lilikuja kwa adabu. Walisema wazo ni zuri, ila pasipo vipimo, na pasipo sahihi ya mwombaji wa pili, kamati haiwezi kutoa zamu. Mwaka uliofuata kundi lingine lilipewa mashine ile.

Wanafunzi wangu huniuliza nilijifunza nini, nami huwaambia wanakili kazi yao mara mbili, kila mmoja analijua hilo. Lingine siwaambii. Mama yule alitukaushia majani kwa miaka miwili, na kila nilipopokea furushi nilifurahi nikalipima mizani. Wazungu tusiowajua tuliwaeleza kazi yetu kwa kurasa kumi na tano. Yeye hatukumweleza hata mstari mmoja.