Kura Sitini na Moja za Mama Alliance

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili wale ndugu wa kanisani wanaopenda kuninyooshea kidole wapumzike kidogo.

Naitwa Leopoldi, ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, na sasa nafunga maboksi katika ghala moja kaskazini mwa Columbus, upande wa Westerville. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Mama Alliance, mwanamke wa Bukavu, mjane, anayewaogesha na kuwalisha wazee wa Kimarekani katika nyumba ya wazee, na ambaye mwaka jana aligombea kiti katika bodi ya shule ya wilaya yetu. Jina la wilaya naliacha, kwa sababu wanangu bado wanasoma humo.

Bodi ya shule ni watu watano wanaokaa mbele ya ukumbi, kila mmoja na chupa yake ya maji, wakaamua basi lipite wapi, watoto wale nini, mwalimu yupi aongezwe. Miaka yote sikujua kwamba watu hao huchaguliwa. Nilidhani wanazaliwa hivyo.

Mama Alliance alijua, tena alijua kwa uchungu. Mwaka ule walipofika Amerika, shule ilimwita ikamwekea karatasi mezani. Mkalimani hakuwepo. Mwalimu akatabasamu, akaonyesha kwa kidole mahali pa kusaini, na mama wa watu, ambaye ukimbizi ulimfundisha kwamba karatasi husainiwa haraka kabla mwenye nayo hajabadili mawazo, akasaini. Kwa saini hiyo mwanawe Elie akakaa miaka miwili katika darasa la watoto wenye akili nzito. Elie hakuwa na akili nzito. Alikuwa hajui Kiingereza tu. Aliingia humo ana miaka minane, akapanga vibao vya rangi mpaka akafika kumi. Siku hizi anasomea uhandisi, na mama yake mpaka leo hawezi kuisimulia habari hiyo bila kuomba maji ya kunywa.

“Bon, Leopoldi,” aliniambia siku alipokuja kuniomba msaada, kwa Kiswahili chake cha Bukavu chenye ‘ba’ mahali pa ‘wa’ na Kifaransa kidogo, “miye nilisaini bila kujua. Ile ni kosa yangu. Lakini sasa banataka kuondoa bakalimani mu mashule yote, baweke telefone. Donc bamama bote batasaini kama miye.”

Alikuwa ameshapiga hesabu. Katika bodi, wawili walitaka wakalimani waondolewe, wawili hawakutaka, na kiti cha tano kilikuwa wazi. Mpinzani wake alikuwa bwana mmoja muuza bima, mtu mpole, mwenye meno mazuri, aliyesema kwamba kutafsiri kwa simu ni nafuu. Kulikuwa na bwana mwingine pia, aliyechelewa kupeleka jina lake likachapishwe, akapewa ruhusa ya kuandikwa kwa mkono. Kwa ajili yake, chini ya majina yaliyochapishwa, waliacha mstari mtupu. Huyu bwana sina ugomvi naye, ila mstari wake ninao.

Tukagawana kazi. Upande wa Kiingereza aliuchukua Bi Carol, mwalimu mstaafu aliyewahi kumfundisha Elie baadaye na aliyekuwa na hasira kuliko sisi sote. Yeye ndiye aliyechapisha mabango ya kuchomeka kwenye nyasi za watu. Yaliandikwa NSHOMBO kwa herufi kubwa, kwa sababu katika makaratasi Mama Alliance ni Emérence Nshombo, na Mmarekani hupigia kura jina la ukoo. Picha hakuweka, picha zina gharama zake.

Upande wa Kiswahili nikapewa mimi. Tulikuwa na Wakongo na Warundi kama mia moja na hamsini waliokwisha kupata uraia na kujiandikisha, na wengi wetu uchaguzi tuliowahi kuuona ni ule wa kambini, wa kiongozi wa mtaa au wa bomba la maji. Kule tulikuwa tukipanga mistari. Ukimpenda mtu, unakwenda kusimama nyuma yake, kisha anakuja mfanyakazi wa shirika anahesabu vichwa. Jina la mgombea halikuhitajika, mgongo wake ulitosha.

Kila Jumapili baada ya ibada nilituma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, na sauti yangu, kama mnavyojua, ni nzuri. “Wapendwa, Jumanne ya uchaguzi sote tumpigie kura Mama Alliance. Mama Alliance peke yake. Msikubali jina lingine lolote.” Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza mwenyewe, nikayaona yana nguvu.

Naomba nieleweke. Kwetu mwanamke akishazaa, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na jina lake la ubatizo linakunjwa linawekwa kabatini. Mama Alliance nimemfahamu miaka tisa, nimekula kwake, tumemzika mama yangu pamoja, na jina Emérence halijawahi kutoka kinywani mwangu. Ningelitamka mbele ya waumini, wangesema nimelewa au natafuta ndoa.

Jumanne ikafika. Mama Alliance akavaa kitenge chake cha harusi za watu, tukawabeba wazee kwa gari la kanisa mpaka kituo cha kupigia kura, safari sita. Waliingia na vitambulisho vyao mkononi, wakatoka na stika ya waliopiga kura kifuani, wamenyooka. Kila mmoja alipopita alimshika mkono akamwambia, “Tayari, mama.” Mimi nilishaanza kufikiria hotuba.

Akashindwa kwa kura thelathini na nane.

Alinipigia simu yeye kunipa pole, badala ya mimi kumpigia. Alisema Mungu anajua, akasema pia kesho yake ana zamu ya asubuhi.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mzee Dionizi akanishika bega. Mzee huyu ni Mrundi mwenzangu, ana miaka sabini na moja, na ile ilikuwa kura yake ya kwanza tangu apate uraia.

“Pole, Leopoldi,” akasema. “Lakini yule Nshombo kwangu hakupata kitu.”

“Nshombo yupi, mzee?”

“Yule tajiri mwenye mabango. Amejaza jina lake kwenye nyasi za mji mzima. Nimefika pale ndani, naona Nshombo wamemwandika, Mama Alliance hawakumwandika. Nikasema, wametudharau. Kumbe chini wameacha mstari mtupu. Nikachukua kalamu, nikamwandika mwenyewe.” Akanikaribia sikioni. “Kwa herufi kubwa.”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamuuliza mkewe, naye aliandika. Nikamuuliza Mama Mizero, jirani yangu, Mrundi anayefanya kazi kiwanda cha vioo. Akajibu kwa fahari kwamba aliandika, akaongeza moyo mdogo pembeni. Nikaacha kuuliza.

Kumwambia Mama Alliance kulinichukua siku mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja, “Bangapi?”

Tukaenda ofisi ya uchaguzi, yeye, mimi, Bi Carol, na Alliance mwenyewe, binti yake mkubwa wa miaka ishirini na tatu, atafsiri pale ambapo Kiingereza changu kingeishia. Karani alikuwa mwanamke wa heshima. Alitutolea nakala za karatasi zote zilizoandikwa kwa mkono. Yule bwana mwenye mstari alipata tisa. Mama Alliance, ambaye kwa sheria hayupo, alipata sitini na moja.

Aliandikwa Mama Alliance, Mama Aliyansi, Maman Aliance, Mama wa Alliance. Mmoja aliongeza “wa kanisa letu”. Mmoja, asije akaeleweka vibaya, aliweka na namba ya simu. Moyo mdogo niliuona.

“Huyu Mama Alliance ni nani?” karani aliuliza.

“Ni miye,” akasema Mama Alliance.

“Jina hilo lipo katika kitambulisho chako?”

Halikuwepo. Alliance akatoa chake, chenye jina Alliance, akaeleza kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye Alliance na huyu ndiye mama. Karani akakitazama kwa makini, akasema anaamini kabisa, na kwamba sheria haina mahali pa kuamini. Matokeo yalikuwa yamekwisha kuthibitishwa.

Mama Alliance alizisoma zote, moja moja, bila haraka. Wengi wa wale wazee yeye ndiye aliyewafundisha kuandika, Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha kanisa, na mwandiko wa kila mmoja aliutambua. “Huyu Dionizi,” akasema. “‘L’ yake bado inalala.”

Ndani ya gari, kwenye taa ya pili ya barabarani, akanigeukia.

“Leopoldi, unanijua miaka tisa. Kama ungenikosea heshima mara moja tu, ukaniita Emérence, sasa niko mu bodi.”

Machozi yalinitoka nikiwa nimeshika usukani, nikamwambia nina mafua. Akanipa kitambaa, hakunibishia kuhusu mafua.

Februari bodi ikapiga kura. Tatu kwa mbili. Wakalimani wakaondolewa, simu zikawekwa, na muuza bima akamshukuru kila mtu kwa ushirikiano. Unabonyeza namba, unangoja, unataja lugha yako, kisha anakuja kijana mmoja anayechanganya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya gari la wagonjwa.

Machi shule ikamwita Mama Mizero. Walitaka kumhamisha Mizero, mtoto wa miaka minane, darasa lingine. Mama Mizero hana gari, kwa hiyo nikampeleka mimi, na Mama Alliance akaja, siku yake ya mapumziko, bila kulipwa na bila kualikwa. Mkuu wa shule akasema simu ipo. Mama Alliance akamwambia simu ibaki na yeye abaki, kisha akavuta kiti.

Karatasi zilikuwa nne. Alizitafsiri zote, mstari kwa mstari, muda wa saa nzima. Alipofika lile neno la darasa lenyewe aliacha kusoma, akanywa maji, akamweleza Mama Mizero humo ndani kuna nini na hakuna nini. Mama Mizero akakataa. Mwalimu wa Mizero, aliyekuwa amekaa nasi, akafuta, akaandika kwamba mtoto anabaki darasani kwake na kuongezewa Kiingereza. Mkuu wa shule alitazama saa yake mara tatu, nilimhesabia.

Chini kabisa palikuwa na mahali pa mkalimani. Mama Alliance akaandika jina lake na kusaini, akamsogezea Mama Mizero karatasi na kalamu.

Mama Mizero akaishika kalamu, akaanza kusoma herufi tangu juu, kidole chini ya kila neno. Alipofika chini akakwama. Akaiweka kalamu mezani.

“Mimi sisaini,” akasema.

“Juu ya nini?” Mama Alliance akamuuliza sababu.

“Kuna mtu humu simjui. Huyu Emérence Nshombo ni nani?”

Mwalimu akangoja. Mkuu wa shule akangoja. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mama Alliance akavuta kiti karibu zaidi, akamweleza taratibu mpaka akaelewa, ndipo Mama Mizero akasaini.