Kitunguu Saumu cha Wandera

Watu wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga wanasema Wandera anaogopa majini, maana hatoki nyumbani bila punje ya kitunguu saumu mfukoni. Watoto humtania kwamba hata kulala hulala nayo. Yeye hucheka nao, akapita zake. Lakini kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, huipasua kwa ukucha na kuinusa, na harufu ikichelewa kumfikia, moyo humwenda mbio.

Kazi yake ni kutoa uchafu kwenye vyoo vya shimo, kule ambako lori la kunyonya majitaka haliwezi kupenya. Yeye na wenzake wanamwaga mafuta ya taa kupunguza uvundo, wanavuta kwa ndoo, na taka ngumu zikibaki chini, mtu mmoja anashuka. Wenyewe wana imani yao ya siku nyingi, kwamba harufu ikiisha, shimo limepoa. Uongo mtupu, na umezika watu.

Miaka minne iliyopita Wandera alisimama ukingoni mwa shimo kama hilo na Wakoli, mume wa dadake Nasambu. Kulinuka mayai viza, kisha kukatulia. "Harufu imeisha," Wandera akasema. "Shuka." Wakoli alitolewa akiwa maiti. Kule mochari mama mmoja mhudumu wa afya alimweleza Wandera kwamba hewa ile ina salfa: ikiwa kidogo inanuka, ikizidi inaua pua kwanza, kisha mwenye pua. Nyumbani Wandera alisema Wakoli aliteleza. Tangu siku hiyo humwona marehemu mahali pasafi pasiponuka chochote, hata kanisani, amesimama na ndoo yake, anangoja kuambiwa.

Juzi asubuhi walikuwa kwenye ploti ambayo Nasambu huuza chai langoni. Luseno, mwenzake wa kazi, baba wa watoto watatu, alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni.

"Wande, harufu imeisha. Nishuke tumalize."

Wandera akatoa saumu, akaipasua, akainusa. Hakusikia kitu.

"Toka hapo. Turudi nyuma sote."

"Si imepoa? Landilodi anataka choo saa nne, na wewe unaleta uganga wako."

Luseno akaingiza mguu. Wandera angeweza kumvuta kwa nguvu, lakini kesho mtu huyo angeshuka shimo lingine bila yeye. Nasambu alikuwa hatua chache tu kutoka pale, birika mkononi. Wandera alimtazama dadake, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa shimo lolote.

"Wakoli hakuteleza," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Pua zetu zilikuwa zimekufa. Mimi ndiye nilimwambia harufu imeisha, ashuke."

Luseno akautoa mguu. Akaifungua kamba kiunoni, akaenda kukaa mbali na shimo.

Nasambu alimimina chai kama kawaida. Akampa Luseno, kisha akamletea kaka yake kikombe chake.

"Miaka minne unakunywa chai yangu," akasema. "Kunywa hii. Kesho usije."

Wandera alikishika kwa mikono miwili, hakuinua macho. Pua ilikuwa inaanza kurudi. Cha kwanza kumfikia kilikuwa tangawizi, nyingi, vile Wakoli alivyoipenda.