Kipande Kisichofika Ncha ya Kusini

Jambo la kwanza ambalo mtu huliona kwa Metrine Nasimiyu ni koti. Mwezi wa Agosti, saa saba mchana, jua la Ras Al Khor, Dubai, linapolainisha lami na madereva wa malori wamejificha chini ya matela yao, yeye hutoka nje akiwa amefungwa koti zito la buluu hadi kidevuni, akaketi juu ya kreti tupu na kula chapati yake polepole. Halivui. Mafundi wa gereji ya jirani humwonea huruma na kumnyooshea chupa ya maji. Hawajui kwamba ametoka kwenye ghala lenye baridi ya nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, na kwamba mwili wake huchukua dakika ishirini kuamini kuwa umetoka.

Katika mwaka wa 2007 alikuwa ametimiza miaka minne katika ghala hilo, ambalo huzilisha meli zinazopita bandarini. Kwao ni Kimilili. Huko alifundisha jiografia kwa mihula miwili bila cheti, baada ya kuikosa nafasi ya chuo kikuu kwa alama moja. Alama hiyo moja hakuisahau. Mtu akitaja neno "chuo" mbele yake, aliuliza habari nyingine.

Aliyemrudisha kwenye ramani alikuwa Mzee Himid, msimamizi wa ghala. Mzee huyu ni Mzanzibari aliyeishi Dubai tangu ujana wake, na mwenye ghala, ambaye wote humwita arbab, humsikiliza kuliko makarani wake. Nahodha mmoja alimwachia ramani ya Antaktika na kijitabu chake. Mzee akaitundika ramani ofisini, akamwita Metrine.

"Hebu njoo, mwanangu. We mwalimu. Nisomee hii."

Metrine akamsomea. Akamwonyesha bara zima la barafu lilivyokatwa vipande kama chungwa: Uingereza, Norwei, Australia, Ufaransa, Nyuzilandi, Chile na Ajentina, kila mmoja akidai chake. Akamwonyesha ile rasi ndefu yenye baridi nafuu, ambayo nchi tatu zinaigombania kwa pamoja. Akamwonyesha pia kipande kikubwa upande wa magharibi ambacho hakuna nchi iliyowahi kukidai, na akamweleza kuwa mkataba wa 1959 uliwazuia wote kuongeza madai mapya.

Mzee Himid alicheka mpaka miwani ikateleza. "Basi hili ni ghala langu hasa! Kila mtu anadai pale mlangoni penye ujoto, na kule nyuma hakuna anayetaka kwenda."

Siku ghala lilipozimwa kwa usafi, wawili hao walipaka rangi sakafuni. Nguzo ya katikati ikawa Ncha ya Kusini, na kutoka hapo vipande vikatandazwa hadi ukutani. Samaki wakakaa Chile, siagi Australia, kuku Norwei. Tangu siku hiyo wafanyakazi wote, hata wasiojua bara hilo liko wapi, walisema "lete katoni kumi kutoka Norwei" bila kutabasamu. Kipande cha nyuma kilichobaki kiliitwa Bila Mwenyewe, na humo zilitupwa katoni zilizopoteza lebo.

Katika kupaka huko Metrine alisita mara moja. Kijitabu kilisema kwamba Norwei haikutaja mwisho wa kipande chake. Ilitangaza pwani na bara lililo nyuma yake, ikaishia hapo, haikusema kwamba inafika nchani. Haikuupenda mtindo wa kukata ncha ya dunia kama chungwa, wasije majirani zake wakautumia mtindo huo huo kuigawana bahari ya kaskazini. Kwa hiyo rangi nyekundu ya Norwei ilipaswa kukoma njiani.

"Tuifikishe tu, mwanangu," alisema Mzee Himid. "Foklifti haijui siasa."

Wakaifikisha. Metrine ndiye aliyepewa Norwei, na kwa miaka mitatu aliitawala bila mpinzani.

Kisha akaja Zadock.

Alitoka Vihiga, alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa na kicheko kilichosikika hata nyuma ya mlango wa friza. Alipewa Bila Mwenyewe. Mwingine angenung'unika. Zadock alisimama juu ya paleti siku ya kwanza akatangaza, "Wasee, mimi ndio rais wa nchi isiyo na serikali! Mkitaka viza, mnione!" Kabla ya mwezi kuisha alikuwa amezipatia lebo katoni zote zilizopotea, na arbab mwenyewe akaja kuziangalia.

Metrine alitazama mambo hayo kwa jicho la pembeni. Lililomchoma zaidi ni kofia. Mzee Himid alikuwa na kofia ya manyoya yenye masikio, aliyopewa na baharia Mrusi, na kwa miaka mitatu Metrine alikuwa akiitamani kimyakimya. Zadock alilalamika mara moja tu kwamba masikio yanamuuma. Kesho yake kofia ilikuwa kichwani mwake.

"Ungeiomba ungepewa," Teopista alimwambia Metrine. Alikuwa Mganda aliyelala naye chumba kimoja katika makazi ya kampuni.

"Kwani yeye aliiomba?"

"Aliomba, nyabo. Mdomo wake unafanya kazi. Wako unatafuna tu."

"Mimi sijali kofia."

"Ndiyo, naona usivyojali. Tangu jioni ni kofia, kofia. Hata wali umeungua."

Idd ilipokwisha, habari zikaingia ghalani. Meli moja ya Kinorwei ingepeleka chakula kwenye vituo vya utafiti huko Antaktika, ikianzia Cape Town mwezi wa Desemba, na ilitaka mtunza stoo wa baridi kwa miezi minne. Arbab alikubali kumwachia mfanyakazi mmoja. Mmoja tu. Mzee Himid akapeleka majina mawili, la Metrine na la Zadock.

Usiku huo Metrine hakupata usingizi. Alijua majina ya milima ya mahali hapo. Alijua upepo wake unavuma kutoka wapi. Aliwahi kuwachorea watoto wa Kimilili bara hilo kwa chaki, akiwa hajawahi kuona hata theluji. Na sasa mtu aliyeisikia Antaktika kwa mara ya kwanza miezi minane iliyopita, akidhani ni jina la kampuni ya mafriji, alikuwa amesimama kwenye mstari mmoja naye.

Ubaya wa Zadock ni kwamba alijifunza. Kila mapumziko alimfuata pale kwenye kreti na daftari lake.

"Mwalimu, nimeshika zile nchi saba. Niulize."

"Sina muda."

"Unakula chapati, muda uko. Niulize!"

Akamuuliza, naye akajibu yote bila kukosea. Metrine alihitaji mwaka mzima kuyaweka hayo kichwani. Huyu alikuwa ameyameza kwa wiki mbili, na bado alikuwa na nafasi ya kucheka.

Siku moja kabla ya usaili, Zadock alikuja na mchoro wake. Ramani ya ofisini haikuweza kumsaidia, kwa maana katikati yake palikuwa pameliwa na unyevu na vidole vya watu.

"Dada, kitu kimoja tu. Hii nyekundu ya Norwei inafika mpaka hapa kati, kama zile zingine? Kama vile iko pale ndani?"

Metrine alitazama mchoro. Ulikuwa safi kuliko wowote aliowahi kuuchora yeye. Akatafuna, akameza.

"Inafika," alisema.

"Poa! Shukran sana, mwalimu."

Akaondoka akipiga mluzi. Chapati iliyobaki Metrine hakuimaliza.

Usaili ulifanyika Al Garhoud, katika chumba kidogo cha hoteli karibu na uwanja wa ndege. Zadock aliingia kwanza. Alitoka baada ya nusu saa, uso unang'aa.

"Ameniuliza ramani! Nimemchorea kila kitu, rangi na nini. Akaniuliza nani alinifunza, nikamwambia mwalimu wangu yuko hapo nje, yeye ndiye anajua hii kitu kuliko sisi wote. Ingia, dada, nimekusafishia njia!"

Ndani alikuwapo mwanamke mmoja wa Kinorwei mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, msimamizi wa stoo ya meli. Mezani, mbele yake, ulilala mchoro wa Zadock. Nyekundu ilikuwa imefika hadi katikati, imepakwa kwa penseli kwa uangalifu bila kuvuka mstari.

"Mwenzako anasema alijifunza kwako," alisema yule mama. "Unauona uko sawa?"

Metrine aliuona mtego aliojitegea mwenyewe. Angeweza kusema uko sawa, akaonekana mjinga mbele ya mtu ambaye nchi hiyo ni yake. Angeweza kusema hauko sawa, kijana alielewa vibaya. Maneno hayo ya pili yalikuwa tayari ulimini. Yalikuwa matamu. Yangemwondoa Zadock mara moja, na hakuna ambaye angejua.

"Hauko sawa, madam," alisema. Akachukua kifutio, akaifuta nyekundu ile kutoka katikati kuja nje, mpaka pakabaki peupe. "Norwei haikusema inaishia wapi upande huu."

"Kwa hiyo nani aliyekosea?"

Kiyoyozi kilinguruma. Nje, kicheko cha Zadock kilisikika. Tayari alikuwa amepata rafiki pale mapokezi.

"Ni mimi. Jana aliniuliza, nikamjibu uongo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anajifunza haraka."

Yule mama aliandika kwa muda mrefu. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Melini tutakuwa watu arobaini. Miezi minne, na hakuna pa kushukia." Kama hilo lilikuwa onyo au jambo jingine, Metrine hakuweza kutambua. Aliulizwa juu ya kupanga paleti, juu ya samaki aliyeyeyuka na kugandishwa tena, akajibu vizuri. Jina moja lingeletwa kwa faksi siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi.

Walipofika nje ya hoteli Metrine alimwambia Zadock. Alimwambia yote, wakiwa wamesimama juani wakingoja basi la kampuni.

Zadock alimtazama kana kwamba anasubiri mwisho wa mzaha. Haukuja.

"Mimi nilikuwa nakusifu huko ndani," alisema.

"Najua."

"Unajua." Akavua kofia ile ya manyoya, ambayo alikuwa ameivaa usaili mzima kwa majigambo, akaikunja kwapani. "Wewe si mtu mbaya, Metrine. Lakini una roho ndogo." Hakumwita dada wala mwalimu. Kwenye basi aliketi nyuma na wafanyakazi wa Kinepali, na siku mbili zilizofuata kicheko chake hakikusikika ghalani. Watu walimuuliza kama anaumwa.

Mzee Himid aliambiwa pia. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Mwanangu, kofia ile ningekupa wewe. Nilidhani wewe husikii baridi. Hujapata kusema."

Alhamisi ikafika. Saa nne kasoro robo wote watatu walikuwa ofisini, Mzee nyuma ya meza, Zadock mlangoni, Metrine karibu na ramani, koti lake limefungwa hadi kidevuni. Mashine ya faksi ilikaa kwenye pembe, taa yake ndogo ya kijani ikiwaka.

Metrine aliomba. Aliomba jina liwe lake. Kisha akajaribu, kwa haki, kuomba liwe la Zadock, lakini ombi hilo lilikataa kutoka. Akarudi kwenye lile la kwanza, safari hii akiomba na msamaha ndani yake.

"Saa nne," alisema Zadock. Ndiyo maneno ya kwanza aliyosema mbele yake tangu Garhoud.

"Ofisini kwao wanachelewa kidogo, inshallah," alisema Mzee Himid.

Saa nne na dakika tano. Saa nne na dakika kumi. Zadock alisogea kutoka mlangoni, hatua moja, akasimama upande wa pili wa mashine, na kwa mara ya kwanza wote wawili waliinama kuitazama taa ile ya kijani kwa pamoja. Mzee Himid akainuka, akafungua kifuniko kuhakikisha, akaongeza karatasi, na wote watatu wakaendelea kungoja.