Nishani Mbili Katika Beseni Moja

Nauza vifungo, zipu na nyuzi kwa jumla huko Kikuubo, mtaa wa maduka jijini Kampala, na wenzangu wa pale wanajua mambo mawili kunihusu: simpunguzii bei mtu anayenipigia kelele, na nina wazimu wa nishani za zamani. Wazimu wenyewe ulianzia kwenye vifungo. Mtu mmoja aliniletea mfuko wa vifungo vya shaba vya makoti ya askari, na katikati yake ilikuwemo nishani ya fedha ya vile vita vya kwanza vya Mwingereza na Mjerumani. Kwenye ukingo wake, pale ambapo sarafu huwa na meno, palikuwa na namba, cheo na jina la mtu. Mimi ni binti wa polisi, nimekulia kambini, na Kiswahili changu nilikipata kwa baba na wenzake. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu alijisumbua kuandika jina la askari wetu kwenye fedha. Nilikaa juu ya mzigo wa zipu nikalia, wateja wakinitazama.

Tangu hapo natafuta nishani za wale ambao hawakurudi. Nikiweza kuipata familia, nawarudishia. Lakini kwanza lazima nijue kama ni ya kweli, maana wajanja wapo. Huchukua nishani ya mtu yeyote, wakausugua ukingo kwa tupa mpaka jina lifutike, kisha wakachonga jina jingine linalotafutwa zaidi na wanunuzi. Nikigundua kazi ya namna hiyo hasira hunipanda mpaka kichwa kinaniuma. Kumfuta marehemu jina! Heri wangeiba ng'ombe.

Asubuhi moja jirani yangu wa Kyebando, ninakoishi, alibisha hodi. Ni mama wa Kinubi, mjukuu wa askari, mtu mzima sana ambaye mtaa mzima tunamwita hajati. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na wiki ile alikuwa aende hospitali ya Mulago kufanyiwa upasuaji wa macho. Akakaa, akafungua kitambaa kilichofungwa mafundo, akaniwekea nishani kiganjani.

"Mwanangu, nasikia wewe unajua hii vitu," akasema. "Mtoto ya kaka yangu anasema hii ni bati tu, ya uongo. Wewe angalia vizuri, halafu unisomee jina ya babu. Mimi kusoma sikusoma, na sasa macho nayo imekataa."

Akanitajia jina la babu yake, akanieleza. Babu aliondoka na jeshi kwenda kusini kupigana na Mjerumani, mkewe akiwa mjamzito. Hakurudi. Hakuna anayejua alizikwa wapi, wala kama alizikwa. Kilichorudi ni hiyo nishani. Basi kila asubuhi ya Idi, wengine wanapokwenda makaburini, yeye huitoa, huisugua kwa majivu na ndimu, kisha huitolea salamu kama wanavyosalimiwa wafu.

"Hii ndiyo kaburi yake," akasema. "Sisi hatuna ingine."

Mimi nilikuwa bado nimekwama kwenye majivu. "Hajati! Majivu ni msasa! Mmemla mfalme pua!"

Na kweli, mfalme wa Waingereza, aliye upande wa mbele, alikuwa amebaki shavu tupu. Nikaigeuza. Upande wa nyuma wa nishani hizi kuna mwanamume aliyepanda farasi, naye hana nguo hata moja. Huyo alikuwa safi kabisa, misuli yote inaonekana, kana kwamba ametoka kiwandani jana. Nikamuuliza kwa nini huku hawasugui.

"Aa! Nani atasugua mwanaume uchi?" hajati akasema. "Huyo tunalaza chini siku zote."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, akijifunika mdomo kwa mtandio. Halafu nikaanza kazi. Nikapima upana wake: haukuwa umepungua, maana yake ukingo haukuguswa na tupa. Nikaipeleka dirishani nikaiinamisha ili mwanga uje kwa upande, nikaweka lenzi. Herufi za mashine hugongwa moja moja, zina kina sawasawa, na huzeeka pamoja na fedha. Za mjanja huchongwa kwa mkono, na kingo zake hukwaruza ukucha. Hizi zilikuwa za mashine, zimelainika kwa miaka.

"Ni ya kweli," nikamwambia. "Mwambie huyo mtoto wa kaka yako bati ni kichwa chake."

Akainua mikono akashukuru Mungu. "Sasa soma."

Nikasoma kimoyomoyo kwanza. Halikuwa jina la babu yake. Wala halikufanana nalo hata niseme labda karani wa zamani aliboronga. Lilikuwa jina la askari mwingine kabisa.

Ningeweza kumsomea lile alilolitaka, akaenda zake akiwa na furaha. Lakini macho yale yangefunguliwa wiki ileile, na kitu cha kwanza ambacho angempa mtu amwonyeshe herufi kwa herufi kingekuwa hiki. Nikamshika mkono, nikamsomea kilichoandikwa.

Akaniomba nirudie, nikarudia.

"Huyo ni babu ya rafiki yangu," akasema taratibu.

Nyumbani kwao Bombo, mji wa Wanubi nje ya Kampala, akaniambia, nyumba mbili zilikuwa na ua mmoja, za wake wa askari wawili walioondoka siku moja, na nishani zao mbili zililetwa pamoja. Wajane wale hawakujua kusoma, na nishani hufanana kama mayai. Kila Idi ilipokaribia, wajukuu wa kike ndio waliopewa kazi ya kuziosha: yeye na rafiki yake, beseni moja, majivu mamoja.

"Tulikuwa tunacheza, tunarushiana maji," akasema. Akaitazama mikono yake. "Kumbe miaka yote nasalimia mwanaume ya watu. Na babu yangu, nani alimsalimia?" Akalia, na mimi nikalia naye, nikiwa na lenzi mkononi.

Rafiki yake alikuwa bado yuko Bombo. Tukampigia simu. Akasema ya kwao ilikuwepo, ila mkwe wake alikuwa amefagia nyumba na kutupa makopo ya zamani, ngoja aitafute. Hajati akakata simu, akatangaza kwamba haendi Mulago mpaka amwone babu yake. Niligombana naye. Nikamwambia nafasi ya hospitali si kiti cha arusi, haikungojei. Hakunisikiliza hata kidogo.

Kwa hiyo kesho yake nikafunga duka, tukaenda Bombo kwa gari la yule mtoto wa kaka yake, mtaalamu wa bati, ambaye njia nzima hakufungua mdomo. Rafiki wa hajati alitupokea mlangoni, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita mbuzi. Walikumbatiana wakasema Kinubi kwa kasi ambayo sikuifuata. Kisha akafungua fundo la kanga yake, akatoa nishani ya kwao aliyoiokoa kwenye makopo.

Mfalme hakuwa na pua. Mpanda farasi alikuwa amenawiri. Nikasogea kwenye mwanga, nikaweka lenzi. Nikapima. Nikasoma kimoyomoyo, nikasoma tena, halafu nikalitamka kwa sauti, na jina la babu yake hajati likasikika uani pale.

Kisha mwenyeji akamwita mkwe wake alete majivu na ndimu.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Majivu hapana!"

"Huyu binti yako ana shida gani?" mwenyeji akamuuliza hajati.

"Bambi, maskini, anapenda mfalme," hajati akajibu.

Nilishindwa. Niliwaomba jambo moja tu: mabakuli mawili, na nikasimama katikati yao mpaka walipomaliza, kila mmoja na lake, wakinicheka.

Hajati akaikausha ya babu yake kwa mtandio. Akaweka kidole kwenye ukingo akakipitisha juu ya herufi, polepole, mpaka mwisho wa jina.

"Assalaam aleikum, babu," akasema. "Tumekuchelewa."

Halafu akanyoosha mkono akaigusa ile nyingine, iliyokuwa kiganjani mwa rafiki yake, akaitolea salamu vilevile.

"Huyu nimemzoea," akaniambia. "Sasa mimi nitamwacha namna gani?"