Mgomba wa Sebuleni

Niliporudi kutoka Uingereza na diploma yangu ya afya ya miji, hapakuwa na Mwafrika mwingine Temeke nzima aliyekuwa nayo. Nilianza kwa kuchunga mbuzi wa baba mdogo huko Bukoba, nikajilipia shule kwa kubeba magunia ya kahawa, nikaishia na nyumba ya saruji yenye sakafu nyekundu. Diploma niliitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika mkabala na mlango ili mgeni asiikose. Watu waliniita Bwana Afya, nami sikuwahi kuwakataza.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufyeka migomba. Maji ya mvua hutuama kwenye makwapa ya majani yake, mle jani linaposhikana na shina, na mbu huzaa humo. Kwa hiyo amri ya mji ilikataza mgomba karibu na nyumba, na mie nikapita uani kwa watu na vibarua wenye mapanga. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mjane aliyeuza vitumbua kando ya barabara. Migomba yake yote tuliiangusha asubuhi moja. Alisimama na upawa mkononi akauliza jambo moja tu.

"Na vitumbua vyangu nivifungie nini, Bwana Afya?"

Nikamwambia atumie magazeti. Baadaye nilisikia wateja wake wakitaniana: "Nipe viwili, na habari za mjini humohumo." Wino ulikuwa unagandia kwenye mafuta. Wengine waliacha kutania, wakahamia kwa muuzaji wa mbele.

Mwaka uleule mama yangu alikuja kukaa nami. Nyumba ile niliijenga ili yeye aione. Alishuka kwenye treni akikumbatia gunia, na ndani yake mlikuwa na chipukizi la mgomba wa kwetu. Akazunguka nyumba, akatazama vyumba, akatazama ua mweupe uliofagiwa.

"Mwanangu, hii ni stoo," akasema. "Kwetu mlango ukifunguliwa unaona migomba. Hapa naona ukuta wa watu. Nikatie tiketi ya kurudi."

Uani nisingeweza kupanda, maana sheria ilikuwa mimi mwenyewe. Nikapanda sebuleni.

Na niseme wazi, nilipanda vizuri. Nilikata pipa katikati, nikalitoboa chini, nikaliinua juu ya matofali ili maji yapite. Mchanga wa Temeke ni mwepesi, hauna nguvu, kwa hiyo niliuchanganya na samadi iliyooza na majivu ya jikoni. Nililiweka pipa karibu na dirisha la mashariki na kuligeuza kila Jumapili, ili mgomba usiinamie upande mmoja. Ndani hamna mvua ya kuosha majani, basi niliyapangusa kwa kitambaa kibichi, nikiyashika kwa chini yasipasuke. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilichukua kijiti nilichokifunga pamba, nikakausha kila kwapa la jani. Hakuna kiluwiluwi hata mmoja aliyepata kuishi mle. Ukawa mgomba mnene wenye majani mapana, yasiyo na mchaniko wa upepo. Mama akasogeza mkeka karibu yake, na habari za tiketi zikaisha.

Lakini kile kijiti kilinisumbua. Kukausha mgomba mmoja kulinichukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu. Kazi hiyo ningeweza kumwonyesha mtu yeyote mwenye mikono miwili. Sikumwonyesha mtu. Nilikuja na mapanga.

Siku moja jirani yangu akaja kumwamkia mama. Nilikuwa nimekaa kitini. Alisimama mlangoni akaangalia mgomba kutoka pipani hadi darini, kisha akaniangalia mimi.

"Kumbe wa Bwana Afya unalala ndani," akasema, akacheka kidogo. "Sie wa kwetu ulikosa kitanda."

Mama hakujua habari yoyote. Alipoambiwa kuwa mwenzake hana majani ya kufungia, alichukua kisu akamkatia mawili palepale. Ikawa desturi. Wateja wakarudi, na mie nikawa napita mbele ya meza yake nikitazama upande wa pili.

Ndipo mkubwa wangu wa kazi, Mzungu, alipokuja kukagua mtaa, nami nikimfuata nyuma. Akasimama kwenye ile meza, akagusa jani bichi.

"Mama, hii jani natoka wapi?"

"Nimepewa, bwana."

"Nani napa wewe?"

"Jirani mwema tu."

Yule mama hakunitazama hata kwa jicho la pembeni. Mzungu akaniambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu amekaidi, ana mgomba ameuficha, na kama hasemi, meza iondolewe leo. Wateja waliacha kutafuna, vitumbua mikononi.

"Jani ni langu," nikasema, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. "Mgomba uko sebuleni kwangu."

Wateja wakaangua kicheko. Mzungu hakucheka. Akataka kuuona.

Alichungulia kila kwapa kwa tochi, akaingiza kidole, kikatoka kikavu. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa kazi. Badala yake akanipa mkono.

"Kazi safi sana," akasema. "Hili ni pambo la ndani. Halina kosa."

Ukweli ni kwamba nilifurahi, kifua kikanijaa, kabla sijakumbuka nani amebaki barabarani. Nikamwambia, kama ni hivyo, nimfundishe yule mama njia hii, apande tena uani kwake. Akatikisa kichwa, akaielekeza tochi ukutani, kwenye diploma yangu.

"Wewe una hii. Yeye nani atamwamini?"

Nilimjibu kwamba nitamkagua mimi kila siku. Akasema amri ni amri, akaondoka.

Jioni nilivuka kwenda kwa jirani. Nikamweleza kwamba meza yake haitaguswa, lakini migomba hapana, na kwamba ningemtengenezea pipa la ndani kama langu.

"Chumba changu kimoja, baba," akasema. "Kina kitanda, jiko na mie. Mgomba nitaulaza wapi?" Kisha akacheka, kwa kunihurumia nadhani. "Mie nitaendelea kuja kwa mama yako."

Akaendelea kuja. Mama alipokuwa na maumivu ya mikono, kisu nilikishika mimi. "Chagua, mama," nilimwambia jirani. Alichagua jani la chini kabisa, lililoanza njano pembeni. Mara ya pili vilevile.

"Mbona unachukua bovu?"

"Uache uzae mgomba wako, Bwana Afya. Kitumbua hakijui rangi."

Siku ile nilipanda kwenye kiti nikakata jani la juu, jipya, lililokuwa limefunguka majuzi, nikampa kwa mikono miwili. Alinishukuru, akalitandaza juu ya meza yangu, akalilainisha kwa kiganja. Kisha akachukua lile la njano, akaliviringisha, akatoka nalo.