Ng'ombe Asiye na Jina

Salu Ngusa alikuwa hakai. Ukimkuta kwenye mashine yake, pale njia ya Maswa inapotokea Bariadi mjini, utamwona amesimama: anapima mahindi amesimama, anakunywa chai amesimama, anagombana na wateja amesimama. Ukimpa kigoda anakaa kidogo, anaegemea kalio hili, anaegemea lile, mara kainuka kwenda kutazama mpira wa injini ambao hauna tatizo lolote. Watu wakasema ni uchapakazi. Uchapakazi gani! Mama wa watu alikuwa na siku nne hajaenda choo, na mara ya mwisho alipokwenda aliona damu.

Msicheke. Au chekeni sasa mmalize, maana habari yenyewe ni ya kufa na kupona.

Salu alizaliwa Zagayu, kwenye pamba na mtama. Alilelewa kwa ugali wa uwele uliosagwa juu ya jiwe, kwa nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na kwa michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vinalia vikigongana. Asubuhi mtu alikula kiporo cha ugali uliopoa na maziwa mgando, akaenda shamba. Habari za choo hazikuzungumzwa kwa kuwa hazikuwa habari. Mtu alikwenda, akarudi, akashika jembe lake.

Ikaja miaka ya foleni kwenye duka la ushirika na unga wa njano wa msaada, ule watu waliouita yanga. Halafu ikaja ruksa ya biashara. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na malori yao, na msimu mmoja Salu na mumewe Athanasi walipouza vizuri wakanunua mashine ya kukoboa na kusaga. Athanasi hakuifaidi. Malaria ilimchukua mwaka uliofuata, na mashine ikabaki mikononi mwa mjane.

Na sembe yake ilikuwa nyeupe, jamani! Mashine ilitema pumba upande wa nyuma, na mbele ikatoka kitu cheupe mpaka macho yanauma. "Pumba kwa ng'ombe, sembe kwa watu!" ndivyo Salu alivyopiga kelele juu ya mlio wa injini, na wateja wakapenda. Shemeji yake Luhaga, kaka wa marehemu, mtu mwenye mdomo mpana kuliko lango la zizi, alikuwa akisema mbele za watu, "Mimi ugali ukiwa na madoa nanawa mikono naondoka." Dona, unga usiokobolewa, ikawa chakula cha wafungwa. Nsansa ikawa ya maskini. Nyumbani kwa Salu kukawa ni sembe, nyama, chai na mkate wa ngano, na ng'ombe zizini wakala pumba mpaka wakang'aa mgongoni.

Kila mwezi alimpelekea dada yake Philomena, aliyeolewa Maswa, debe la sembe nyeupe kuliko zote. Alimpenda sana dada yule.

Philomena akafa. Aliona damu chooni hakusema. Tumbo likamvimba hakusema. Aliposema alikuwa mifupa mitupu, na hata mwaka haukwisha. Sasa Salu alikuwa anaiona damu ileile, na kila alipokaa kwenye kigoda, Philomena alikuja kukaa pembeni yake. Ndiyo maana alikuwa anainuka.

Utaniuliza, si aende hospitali? Alikwenda! Alikwenda mara tatu. Akaandikisha jina, akasema ni tumbo, kadi ikapelekwa mezani kwa daktari, akapanga foleni mpaka wakabaki watu wawili mbele yake, halafu mlango ukafunguliwa na Salu akaona ni nani amekaa mezani. Akajifunika kitenge usoni na kurudi nyumbani. Madaktari wengine walikuwapo, lakini zamu ni zamu, na mara zote tatu Mungu alimpangia Constantine.

Constantine alikuwa mkwilima wake, mume wa binti yake Benadetha. Na kwetu Usukumani mama mkwe na mkwilima hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hawali sahani moja, hawapeani mkono, na wakisalimiana ni kwa kupishana migongo. Leo useme mama huyo akakae mbele ya kijana yule, amweleze habari za kinyesi chake, halafu apande kitandani kupimwa? Bora Maswa, kaburini kwa dada.

Amwambie Benadetha basi? Alifikiri hilo pia. Lakini mke wa daktari ukimwambia siri, usiku hauishi daktari kaijua. Akaenda kwenye maduka ya dawa yaliyokuwa yanaota mjini kama uyoga, akanunua haluli, dawa ya kuharisha. Ikamkamua siku moja, siku ya pili utumbo ukafunga upya, na damu ikaja nyingi kuliko mwanzo. Nguo zikaanza kumlegea kiunoni. Akawa anatembea: mashineni, zizini, chooni, zizini tena.

Siku moja wanawake waliokuwa wanasubiri unga walikuwa wanamsema mtu mwingine kabisa, wa Mwanhuzi. Mmoja akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Salu akadondosha debe. Mahindi ya watu yakamwagika sakafuni, na yeye akawafokea wao kwa kumwaga mahindi.

Jioni ya siku hiyohiyo, wateja wakiwa wameshaondoka, alisikia mtu akikohoa nje ya ukuta wa bati, upande wa pumba.

"Mwadila, mayu," sauti ikasema, salamu ya jioni kwa mama. Ilikuwa ya Constantine.

Salu akaganda katikati ya magunia. Akageuza mgongo, ingawa bati lilikuwa kati yao. "Mwadila, baba. Benadetha hajambo?"

"Hajambo. Nimefuata pumba za kuku." Salu alisikia kigoda kikiburutwa, kumbe na yeye amekaa ameupa ukuta mgongo. "Mayu, nimesikia hapa kuna ng'ombe mgonjwa."

Hakukuwa na ng'ombe mgonjwa. Ng'ombe wa Salu walikuwa wanang'aa. Kumbe kadi zake tatu zilibaki pale mezani, zimeandikwa jina na neno tumbo, mgonjwa hayupo.

"Yupo," akasema polepole.

"Ana siku ngapi hajatoa kinyesi?"

"Nne. Wakati mwingine tano."

"Damu ipo?"

Salu alitembea mpaka kwenye injini, akaigusa, akarudi. "Ipo."

"Imetapakaa juu tu, au imechanganyika na kinyesi?"

"Imechanganyika."

"Amekonda?"

"Kamba yake imelegea."

"Na katika uzao wake, kuna aliyekufa kwa tumbo?"

"Dada yake," akasema. "Yule wa Maswa."

Kijana akauliza, "Huyo ng'ombe analishwa nini?"

"Sembe," Salu akasema, na neno lenyewe, alilokuwa analipigia kelele kila siku, likamtoka kwa aibu.

"Mayu, wewe umekulia zizini, nisikufundishe. Ng'ombe peke yake hawezi nyasi. Tumboni mwake kuna vijidudu, ndivyo vinavyozichachusha, na katika kuchachusha vinatoa asidi ndogondogo. Ng'ombe anaishi kwa hizo. Ukimpa unga mtupu, anakuwaje?"

"Anavimba. Anaweza kufa," Salu akasema. Kila mtoto wa Kisukuma anajua hilo.

"Basi mtu naye ana vijidudu vyake, ila vyake viko chini, kwenye utumbo mpana. Vinangoja makapi, yale tumbo la juu linayoshindwa kuyasaga: pumba, majani, maharage, michembe, hata kiporo cha ugali uliopoa. Vikiyapata vinatoa asidi zilezile, na moja ndiyo chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Ukuta ukila, unajikarabati na haushambuliwi ovyo. Na makapi yanavuta maji, choo kinakuwa laini. Sembe inaishia juu kwa juu, mayu. Huku chini vijidudu vinalala njaa."

Salu akatazama rundo la pumba. Miaka mitatu alikuwa anawapa ng'ombe chakula na kula yeye weupe. Na Philomena, kila mwezi, debe zima.

"Baba," akasema, "yule wa Maswa... ni unga wangu?"

"Hapana. Ugonjwa ule hukua miaka mingi, haukuanzishwa na madebe yako. Chakula kinasaidia kuuzuia, hakimhukumu mtu kufa. Aliyemuua dada yule ni kunyamaza. Damu ya mwanzo ilikuwa inamwita."

Salu akalia bila sauti, amesimama, ameshika gunia.

"Basi nitampa pumba huyu," akasema alipoweza.

"Mpe, kidogokidogo, na maji mengi. Lakini pumba haitibu damu. Damu lazima mtu aiangalie inakotoka. Mwanza kuna bomba jembamba lenye taa, wanaingiza wanaona."

"Wanaingizia wapi?"

Daktari akakohoa. "Kulekule, mayu."

"Mama yangu wee!" Salu akazunguka magunia mara mbili. Angekuwa mtu wa kutukana angetukana.

"Naandika barua ya rufaa sasa hivi," Constantine akasema. Salu alisikia karatasi. "Nimejaza yote. Umri, damu, kukonda, ndugu aliyefariki. Imebaki sehemu moja. Mayu, hospitali haipokei ng'ombe. Wanataka jina."

Alikuwa analijua jina. Alikuwa nalo kwenye kadi tatu. Lakini hakuliandika, na mimi namsifu kwa hilo mpaka leo, maana mtu ukimwandika kwa nguvu atachana barua njiani. Akangoja. Salu akaenda mlangoni akarudi. Akashika mpira wa injini. Akaenda tena mlangoni, na safari hii akasikia miguu yake inataka kumpeleka zizini, kisha chooni, kisha zizini tena, na akajua mwisho wa matembezi yale ni Maswa. Akakaa juu ya gunia la pumba.

"Andika Salu," akasema. "Salu Ngusa. Ni mimi, baba."

Alipelekwa Mwanza na Benadetha wiki ileile. Bomba likapita lilikopita, na Salu alisimulia baadaye kwamba alitazama ukuta na kuhesabu matofali. Wakakuta kinyama ukubwa wa punje ya haragwe, wakakikata, wakakipima. Kilikuwa bado hakijageuka kibaya. Daktari wa kule akamwambia kingeachwa miaka michache kingegeuka, na kwamba atarudi kuangaliwa mara kwa mara, yeye, na wanawe pia wakifika umri wa kupimwa.

Constantine alipokuja kusalimia, Salu alimtengea nyuma ya mlango ugali wa dona wenye madoa, nsansa ya karanga na michembe iliyochemshwa. Mkwe kupewa dona! Majirani walishika midomo. Sahani ilirudi tupu.

Mashine ya kukoboa hakuiuza, watu bado walitaka weupe wao. Lakini mteja akifika alikuwa anaulizwa swali moja juu ya mlio wa injini, mbele ya watu wote: "Choo unapata?" Wengine walihamia mashine ya jirani kwa aibu. Luhaga ndiye aliyepiga kelele zaidi. Alisema shemeji yake amerukwa na akili, Mwanza wamemtoa kinyama pamoja na haya, na yeye hatatia mguu pale tena.

Akatia. Ilikuwa jioni, wateja wameondoka, na Salu amekaa kwenye kigoda chake anakung'uta chekeche. Akasikia mtu anakohoa nje, upande wa pumba. Akachungulia kwenye tundu la bati, akaona mgongo mpana anaoujua. Luhaga alikuwa hakai. Alikwenda hatua tatu, akarudi tatu.

"Shemeji," akasema, mdomo ule wote umebaki kidogo, "nina ng'ombe wangu pale nyumbani..."

Salu akaweka chekeche chini. Akakisogeza kigoda mpaka kwenye bati, akaupa ukuta mgongo.

"Kaa, shemeji," akasema. "Ana siku ngapi?"