Marahaba Isiyo na Wino

Habari za kifo chake nilizipata kwa picha. Mshumaa unaowaka, maua mawili ya waridi ambayo hayaoti popote hapa Masasi, na maneno ya rangi ya dhahabu: "Mwenzetu ametutoka." Jina lake lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, na kwa kuwa picha za namna hiyo huniingia kwenye simu kila asubuhi, nilikwisha kuipitishia kidole na kuanza kusoma habari za mvua kabla moyo haujashtuka. Nikarudi juu, nikasoma tena. Loo! Mwanamke aliyekaa miaka yote ile akitengeneza kadi kwa mkono, moja moja, kifo chake kimetangazwa kwa picha iliyotengenezwa na mtu asiyemjua na kutumwa na mtu mwenye haraka. Angekuwa hai angeisonya mpaka majirani wakasikia.

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba safu hii haina desturi ya kutaja watu majina, na huyu nitamwita Mwalimu, kama alivyoitwa na kila mtu. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Hakujaliwa mtoto, na huku kwetu, ambako kila mwanamke ni Mama Fulani, asiyezaa hubaki hana jina la kuitwa. Ualimu ndio uliomwokoa. Sitajidai kwamba nilikuwa rafiki yake. Nilikuwa mteja aliyezoea kukaa muda mrefu kuliko shida iliyompeleka, kwa sababu nyumbani kwangu siku hizi hakuna anayeniuliza nimechelewa wapi, na yeye vilevile hakuwa na wa kumuuliza. Tulikuwa watu wawili tunaokwepa ukimya wa nyumba zetu, basi, na hilo hatukuwahi kuambiana.

Meza yake ilikaa barazani, upande usiopigwa na vumbi la barabara. Mihuri aliichonga mwenyewe kwa wembe kutoka kwenye soli za kandambili zilizochakaa, akaibandika kwenye vipande vya mbao kwa gundi ya fundi viatu. Kulikuwa na muhuri wa bibo na korosho yake, muhuri wa kengele kwa ajili ya Krismasi, muhuri wa mwezi mwandamo kwa ajili ya Idi, maana wateja wake walikuwa wa dini zote. Lakini kazi aliyoiringia haikuwa hiyo ya wino. Alikuwa na vibao vya mti mgumu alivyovichimba nakshi na maneno kinyumenyume. Analowesha karatasi nene kwa kitambaa chenye unyevu, anailaza juu ya kibao, kisha anaisugua polepole kwa mgongo wa kijiko mpaka ua linainuka upande wa pili, jeupe juu ya weupe. Pembeni aliizungushia mistari ya chale, ile ile waliyokuwa nayo bibi zetu usoni. Ukiishika kadi hiyo kwa haraka unadhani haina kitu. "Pitisha kidole," alikuwa akiniambia. "Macho yako yana haraka kama ya wanafunzi wa darasa la tatu."

Alikuwa na sharti moja ambalo liliwafukuza wateja wengi kuliko lilivyowaleta. Hauzi kadi mpaka ajue nani anamwamkia nani. Kama unampelekea mkubwa wako, kadi ilifunguka kwa Shikamoo, na hapo hakukuwa na majadiliano. Ole wako ukitaka kumpelekea mdogo wako kadi ya salamu kabla hajakusalimia. Siku moja nilikwenda kutaka kadi ya kumpongeza mwanangu aliyemaliza chuo huko Dodoma. Aliweka kijiko chini.

"Mwanao amekuamkia lini?"

"Tangu Pasaka hajapiga simu, Mwalimu."

"Na wewe unataka kumpelekea kadi?"

"Amehitimu."

"Hata awe waziri! Mkubwa haanzi. Akikuamkia, njoo uchukue ya kumwitikia. Sasa hivi kunywa chai yako uende."

Nikaondoka mikono mitupu, nacheka njia nzima. Kusema kweli nilikuwa nimeridhika, kwa sababu alikuwa amenipa sababu ya heshima ya kuendelea kununa.

Sikujua wakati ule kwamba sharti hilo lilikuwa limemkalia yeye mwenyewe kooni. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kike, aliyeolewa Newala. Mama yao aliwaacha mdogo huyo akiwa bado anabebwa mgongoni, na Mwalimu ndiye aliyembeba. Watu walidhani wamegombana kwa sababu ya dini, maana mdogo mtu aliolewa na Mwislamu akasilimu. Wapi! Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemtengenezea kadi za harusi ile, za mwezi na bibo, na akacheza mpaka viatu vikakatika. Kilichowagombanisha ni kadi. Binti wa mdogo wake alipofika wakati wa kuolewa, vijana walitaka kadi za kung'aa zenye picha ya bwana na bibi harusi, wakaenda kuzichapisha Mtwara. Mama mkubwa wa bibi harusi, fundi wa kadi Masasi nzima, akaletewa mwaliko wa mashine kama jirani wa mbali. Aliutazama, akaurudisha kwenye bahasha yake, na siku ya harusi akakaa nyumbani anachonga kandambili. Mama mkubwa asipofika kwenye harusi ni aibu inayoongelewa kijiji kizima. Mdogo mtu naye akaapa hatatia mguu Masasi. Tangu hapo dada akawa anangoja kuamkiwa, na mdogo akawa anangoja kuombwa radhi.

Chini ya meza Mwalimu alikuwa na kopo la biskuti. Alinifungulia mara moja, siku aliyokuwa na furaha. Ndani mlikuwa na kadi, moja kwa kila mwaka wa ugomvi ule, na zote ziliandikwa kwa wino wa zambarau: Marahaba, mdogo wangu. Kila Krismasi alitengeneza nyingine, ili siku shikamoo ikifika isikute nyumba haina jibu. Nikamwambia, "Mwalimu, si uende tu? Newala ni hapo juu." Akanitazama kama nimetukana. "Nikifika niseme nini? Dada amwamkie mdogo? Tangu lini?" Akafunga kopo.

Mwaka uliofuata nilipanda Newala kuchukua miche ya mikorosho, na aliyekuwa nayo alikuwa, mkitaka kuamini, mume wa yule mdogo wake Mwalimu. Mama mwenye nyumba akanikaribisha chai, maana ukungu wa Newala asubuhi hauna huruma. Alipojua nimetoka Masasi akauliza, "Na yule, mzima?" Hakutaja jina. Nikasema mzima, bado anachonga kandambili. Akacheka. "Bado? Na kile kijiko chake?" Nikasema nacho kipo. Hapo, msomaji wangu, palikuwa na mlango wazi upana wa geti. Ningeweza kusema kwamba chini ya meza kuna kopo. Lakini wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na mimi nilikuwa na miche ya kupanda. Nikamaliza chai, nikaaga.

Niliporudi nikampa Mwalimu ripoti, tena kwa umbea wa kutosha. "Mdogo wako ana kiburi kama chako," nikamwambia. "Ananisemesha huku anatazama mlangoni. Macho yangu hakuyaangalia hata mara moja." Nilitegemea acheke. Aliuliza, "Kikombe alikipokeaje?" Nikasema alikipapasa kwanza kwenye sinia, kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Chai alikumiminia nani?" Binti yake, nikasema, amekuja kumsalimia. Mwalimu akachukua kitambaa, akaanza kupangusa mihuri yake mmoja mmoja, ingawa ilikuwa safi.

Krismasi ile kadi ya kopo ilikuwa nyeupe tupu. Nikamtania. "Wino umekwisha, Mwalimu?"

"Wino upo."

"Mbona hii haisomeki?"

"Haisomeki kwako," akasema.

Wewe msomaji umekwisha kuelewa. Mimi, mwenye kulipwa kwa ajili ya kuangalia mambo ya watu na kuyaandika, sikuelewa. Nilidhani ni uzee. Na kila mwaka uliofuata alitengeneza nyingine kama hiyo, herufi zikiwa kubwa zaidi na zimeinuka zaidi, na bado hakupanda Newala. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwake na kwangu. Alijua kwamba mtu wake haoni, akajua jinsi ya kumwandikia aweze kusoma, akachonga kibao kipya kwa mikono iliyokwisha kuanza kutetemeka, kisha akakaa nacho Masasi akingoja kuanzwa.

Siku hizi salamu ni nyingi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Simu yangu ikiamka asubuhi inaniletea maua, vikombe vya chai vinavyofuka moshi, jua linalochomoza, njiwa, na "ubarikiwe wewe na wote uwapendao" kutoka kwa watu ambao tukikutana sokoni wananipita. Sizichukii. Mtu aliyeamka peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne hachukii hata mlio wa simu. Ila nikishamaliza kuzipitishia kidole, nyumba inabaki kimya vilevile, na najua kwamba picha ile ile imekwenda kwa ukoo mzima na kwaya nzima. Kadi ya Mwalimu ilimchukua mchana kutwa, na katika mchana huo aliwaza mtu mmoja. Nadhani ndicho nilichokuwa nakifuata pale barazani, kumwona mtu anamuwaza mtu, ingawa si mimi aliyekuwa akiwazwa.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho, walipolala wazazi wake. Kanisa lilijaa wanafunzi wake wenye mvi. Hakuna aliyekuwa na namba ya Newala. Kila mtu alidhani mwenzake amepiga. Ile picha ya mshumaa ilizunguka mpaka jioni ndipo ikamfikia binti wa mdogo wake, yule yule bibi harusi wa kadi za Mtwara. Walifika, yeye na mama yake, kesho yake asubuhi, sisi tukiwa matangani, kaburi lina siku moja.

Mama aliingia uani ameshika bega la binti yake, anapima ardhi kwa mguu kabla ya kukanyaga. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikakiweka chini, kwa sababu wakati ule ndipo nilipoelewa kile kikombe cha Newala, na kitambaa, na kadi zisizo na wino, vyote kwa pamoja, na nikajiona mjinga mbele ya Mungu.

Akapelekwa kaburini. Akapiga magoti, akapapasa udongo kutoka miguuni mpaka kichwani, akaweka viganja vyote viwili pale penye msalaba. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekuta mwenzake anapika: "Shikamoo, dada."

Akangoja. Huku kwetu mtu hamwamkii mkubwa akaondoka kabla ya kuitikiwa, na yule mama hakuondoka. Muda ukapita. Binti yake akamshika mkono huku analia. "Mama, inuka, twende."

"Niache. Hajaitikia."

Nilikimbia. Kwa umri wangu si jambo la kupendeza kutazama, lakini nilikimbia mpaka barazani, nikainama chini ya meza, nikalikuta kopo mahali pake. Nikachukua kadi ya juu, ya Krismasi iliyopita, nikarudi nayo nahema, nikaiweka mikononi mwake. Nikamwambia, "Hii ni yako, Mama. Ametengeneza yeye."

Alianzia pembeni, kwenye chale. Akazitambua, nikaona. Kisha kidole kikaingia katikati kikaanza kwenda herufi kwa herufi, kikakwama, kikarudi, kikaenda tena mpaka mwisho. Akarudia kusoma mara ya pili kuanzia mwanzo. Halafu akaiweka kadi kifuani, ndani ya baibui, akamnyooshea binti yake mkono.

"Kaitikia," akasema. "Sasa twende."

Wengine watasema walipatana. Mimi siwezi kusema hivyo. Watu wanaopatana hunywa chai pamoja, na dada yule alikunywa yake bila mdogo wake miaka yote ile, nikiwa nimekaa mbele yake na habari iliyotosha kuwakutanisha. Sitaki kuitukana desturi yetu ya shikamoo. Nimelelewa nayo na nitakufa nayo. Ila nimejifunza kwamba kungoja kuamkiwa ni heshima kwa watu wanaoonana kila asubuhi. Watu waliotengana wakianza kungojeana, aliye mkubwa ndiye mwenye nguvu ya kuanza bila kupungukiwa, na asipoanza ataitikia akiwa kaburini. Na wewe uliyekaa katikati unayajua ya pande zote mbili, weka jembe chini kwanza.

Leo asubuhi, kabla ya kuandika haya, nilimpigia mwanangu wa Dodoma. Sijawahi kuanza mimi, na alipoona jina langu alipokea kwa hofu. "Shikamoo, baba. Kuna nini? Nani kafa?"

Nikamjibu la kwanza kwanza. "Marahaba, mwanangu," nikasema. "Marahaba."